Maji Huchemka kwa Nyuzi Ngapi?

Msafiri atokaye Mto wa Mbu, mji ulio chini ya ukuta wa Bonde la Ufa katika kimo cha meta 960 hivi kutoka usawa wa bahari, hupanda kona baada ya kona hadi akaupata uwanda wa juu, akapita Rhotia, akaingia Karatu kwenye meta 1,500, na akishika njia ya lango la Lodoare na kuupenya msitu wa mlimani, hutokea kwenye ukingo wa Ngorongoro, juu ya meta 2,200, yote hayo katika safari ya asubuhi moja. Katika asubuhi hiyo hewa iliyo juu ya kichwa chake imepungua, masikio yake yameziba na kuzibuka, na jambo moja lisilodhihirika kwa macho limebadilika katika kila birika lililo motoni njia nzima: maji yaliyochemka Mto wa Mbu kwa nyuzi za Selsiasi karibu 97 yamechemka Karatu kwa nyuzi 95, na pale ukingoni, ambako ukungu wa alfajiri hulala juu ya miti, yamechemka kwa nyuzi 92 au pungufu kidogo ya 93. Kadiri ya mambo ni kushuka uzi mmoja kwa kila meta 300 za kupanda. Hapana katika vituo hivyo vitatu hata kimoja ambacho maji safi, katika sufuria iliyo wazi, yatafika nyuzi 100, ijapokuwa yatachochewa kuni za kutwa nzima.

Sasa na tumtazame mtoto wa kidato cha pili wa wilaya ya Karatu, au mwenzake wa Nainokanoka au Endulen katika wilaya ya Ngorongoro, aketipo mbele ya karatasi ya jaribio la fizikia na kukuta swali lililo jepesi kuliko yote, la kuchagua herufi moja kati ya nne, linalomtaka aseme maji huchemka kwa joto gani. Miongoni mwa majibu mna 100, na pengine mna 95 iliyowekwa humo kama mtego wa kuwanasa wavivu. Mtoto aliyekariri atachagua 100 na kupata alama yake. Mtoto aliyewahi kutia kipimajoto ndani ya sufuria ya nyumbani kwao, akaona zebaki imesimama kwenye 95 na kukataa kusonga mbele huku maji yakitokota, atachagua alichokiona, na kalamu nyekundu itampitia. Wa kwanza hakupimwa maarifa yake ya fizikia, alipimwa kumbukumbu. Wa pili alikuwa na maarifa, akaadhibiwa kwa kuwa nayo. Daawa ya sura hii ni kwamba mtihani wa fizikia una haki ya kuitwa hivyo pale tu unapomruhusu mtahiniwa kusema kweli ya mahali aliposimama, na kwamba Karatu na Ngorongoro, kwa jinsi Mwenyezi Mungu alivyoziinua ardhi zake, ni mahali pazuri mno pa kuufundishia ukweli huo.

Wala asiseme mtu kwamba tunamtetea mtoto dhidi ya elimu yenyewe. Anders Celsius wa Uswidi, ambaye jina lake limo katika kila kipimajoto cha maabara zetu, alipotoa kipimo chake mwaka 1742 alichagua nukta mbili, ya maji yanayoganda na ya maji yanayochemka, na yeye mwenyewe alieleza bayana kwamba nukta ya mchemko haina makao ya kudumu, kwa kuwa hupanda na kushuka pamoja na barometa, hata ikambidi ataje barometa isomeke kiasi gani ndipo nukta hiyo itiwe alama. Sharti lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Lililopotea njiani, katika mkono wa mwalimu mmoja baada ya mwingine na katika vitabu vya muhtasari vinavyouzwa vituo vya mabasi, ni hilo sharti. Namba ikabaki peke yake, ikawa kama sheria isiyo na mtunga sheria.

Sababu ya sharti hilo nayo haikupatikana bure. Tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa amechukua bomba la kioo na zebaki, kwa maagizo ya Pascal aliyetaka kujua kama kweli hewa ina uzito na kama uzito huo hupungua mtu akweapo juu. Alipofika kileleni aliikuta zebaki imeshuka kwa karibu sentimeta 8 kuliko ilivyokuwa bondeni, akarudia kipimo mara tano, mahali mbalimbali pa kilele, penye upepo na pasipo upepo, asije akadanganywa na jambo jingine. Nami huvutiwa zaidi na bomba la pili: Périer aliliacha chini katika bustani ya watawa, akamweka mtawa mmoja alitazame kutwa nzima, ili isemwe kwa yakini kwamba zebaki ya mlimani ilishuka kwa sababu ya mlima, hali ya bondeni haikutikisika. Puy de Dôme haufiki meta 1,500, yaani kilele chake hakipiti kimo cha mji wa Karatu. Watoto wetu hulala na kuamka juu ya mlima wa Périer, na kutoka Karatu hadi ukingoni zebaki ya barometa ingeshuka tena kwa takriban milimeta 60, kutoka 635 hivi hadi 575. Shule iliyo na vipimajoto viwili, sufuria mbili na nauli ya walimu wawili inaweza kuurudia uthibitisho huo, mwalimu mmoja akichemsha ukingoni saa ile ile mwenziwe achemshapo Mto wa Mbu, na simu zao za mkononi zikifanya kazi ya kuoanisha saa.

Mama wa nyumbani hahitaji kufunzwa habari hii, maana anaijua kwa kuni zake. Makande yanayoiva kwa muda fulani pwani hudai muda zaidi Karatu, na zaidi tena katika maboma ya nyanda za juu, kwa kuwa chakula huiva kwa joto la maji, na maji yakishachemka hayaongezi joto hata moto ukiongezwa. Moto wa ziada hugeuza maji kuwa mvuke tu. Hilo nalo ni swali la mtihani, na ni swali zuri kuliko lile la herufi nne: mpishi wa Karatu ameyaona maharage yake hayajaiva, akaongeza kuni mbili chini ya sufuria iliyo wazi, je, yataiva upesi zaidi, na kwa nini? Mwanafunzi anayeweza kulijibu ameelewa joto, mchemko na mgandamizo wa hewa kwa pamoja, naye hakuna kitabu cha muhtasari kitakachomfaa.

Tuje kwenye mtihani wa vitendo, ambapo ndipo penye roho ya jambo hili. Katika somo la fizikia la kidato cha nne, mtahiniwa hupewa karatasi ya nadharia na, mbali na hiyo, karatasi ya vitendo, na miongoni mwa mazoezi yaliyozoeleka mno ni lile la pendulamu: uzi hufungwa juu, kati ya vipande viwili vya kizibo vilivyobanwa katika stendi, na ncha ya chini huning'inizwa timazi, nayo huachiwa ibembee kwa pembe ndogo. Mwanafunzi huhesabu mabembeo 20, husoma stopwochi, hufupisha uzi, hurudia. Uzi ukiwa na urefu wa meta moja kamili, mabembeo hayo 20 huchukua Karatu sekunde 40.2, ukiwa wa sentimeta 50, sekunde 28.4. Kutoka katika jedwali la vipimo vitano hivi huchorwa mstari, mraba wa muda wa bembeo moja dhidi ya urefu, na kutoka katika slopu ya mstari huo hupatikana mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao wanafunzi wote wa Tanzania huujua kabla hawajaingia chumbani: 9.8, au 10 kwa asiyependa desimali.

Hapo ndipo jaribu linapokuja. Asubuhi ya zoezi huwaona vijana arobaini wamezunguka stendi sita, mmoja akihesabu kwa sauti, mwingine ameshika stopwochi, wengine wakiandika. Hewa inaingia kwa dirisha lisilo na kioo na kuisukuma timazi ubavuni, ikaanza kuzunguka badala ya kubembea. Hesabu ya kwanza hutoa 9.3. Kijana huitazama namba hiyo kwa hofu, humtazama jirani yake aliyepata 10.6, halafu huchukua ufutio. Kupika data, kama waitavyo wenyewe, hufanywa kwa ustadi unaostaajabisha: huanza na jibu, 9.8, hurudi nyuma kwenye slopu inayolitoa jibu hilo, hutoka kwenye slopu kwenda kwenye nukta za grafu, na kutoka kwenye nukta kwenda kwenye sekunde za jedwali, hata ikawa jedwali linaeleza mabembeo ambayo hakuna timazi iliyowahi kuyabembea. Kazi hiyo yahitaji algebra nyingi kuliko zoezi lenyewe. Ni akili nyingi iliyopotezwa, na aliyeipoteza si kijana pekee. Ni sisi tuliomfundisha kwamba alama hukaa mwishoni mwa ukurasa.

Na angalia alichokifuta. Aghalabu kosa la zoezi lile ni moja: mwanafunzi hupima urefu kutoka kwenye kizibo hadi kwenye fundo la uzi, ilhali urefu wa haki wafika kitovu cha timazi, sentimeta moja hivi chini ya fundo. Akilifanya kosa hilo sawasawa mara zote tano, nukta zake zitakaa vizuri katika mstari ulionyooka, ila mstari hautapita kwenye sifuri. Utaukata mhimili wa urefu kushoto mwa sifuri, na umbali wa hapo ulipokatia hadi kwenye sifuri ni sentimeta ile ile moja iliyosahauliwa. Slopu haidhuriki hata kidogo, na jibu la mvutano hutoka sahihi. Yaani grafu ya mwaminifu hulisema kosa lake, hulitaja ukubwa wake, kisha humpa jibu; grafu iliyopikwa hupita kwenye sifuri kwa unyoofu na haina la kumwambia mtu. Mtahini mwenye insafu angetenga alama kwa ajili ya mstari usiopita kwenye sifuri na sentensi mbili za kuueleza, kuliko kwa ajili ya 9.8 iliyopigiwa mistari miwili chini.

Tena hiyo 9.8 si ya Karatu kwa ukamilifu. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha na kufura katikati, nayo huzunguka, kwa hiyo kitu kilicho karibu na ikweta huvutwa kwa nguvu pungufu kuliko kilicho Ulaya. Na urefu wa mlima nao hupunguza kidogo. Karatu mvutano ni 9.78 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa stopwochi ya shule, lakini historia ya elimu ilipinda kwa sababu yake, pale Jean Richer, mnajimu aliyetumwa na Ufaransa kwenda Cayenne mwaka 1672, mahali palipo karibu na ikweta kama palivyo petu, alipoona saa yake ya pendulamu, iliyorekebishwa vizuri Paris, inachelewa kwa dakika mbili na nusu kila siku, ikamlazimu kuifupisha. Kama Richer angekuwa mwanafunzi wa kupika data, angeandika namba ya Paris. Aliandika ya Cayenne, na Newton akaitumia kuonyesha kwamba dunia si tufe kamili.

Mtihani wenyewe una nasaba yake, na haidhuru tukiipitia upesi. Mitihani ya sekondari ilitungwa Cambridge wakati wa ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru, ikaja mikononi mwa Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki, ambamo Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alikwisha kulaumu mitihani inayopima uwezo wa kujifunza habari na kuzitoa zinapotakiwa kwa muda uliopangwa. Na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku nayo yahesabiwe. Nia hiyo ilikuwa njema na ingali njema. Ila shule za kata zilipoongezeka kwa kasi baada ya mwaka 2006, nyingi zilifunguliwa bila maabara, na kwa miaka kadhaa watahiniwa walifanya karatasi ya mbadala wa vitendo, ambamo mtoto alisoma juu ya timazi iliyochorwa na kukokotoa sekunde alizopewa. Kampeni ya serikali ya kujenga maabara tatu katika kila shule ya kata, iliyofika kilele mwaka 2014, wananchi wakichangia mchanga, matofali na fedha, ilisimamisha kuta; vifaa na walimu vimekuwa vikifuata kwa mwendo wao.

Tukio moja katika nasaba hiyo lastahili kukumbukwa kwa huzuni. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa sifuri zaidi ya nusu ya watahiniwa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na mwezi Mei serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya. Wengi waliokuwa na sifuri Februari wakawa na cheti baadaye. Hatuwalaumu waliofanya hivyo, maana mizani iliyotumika ilikuwa imebadilishwa ghafla na watoto hawakuwa na hatia. Ila maarifa ya kijana juu ya joto na kani hayakuzidi wala kupungua kati ya Februari na Mei, na huo ni ushahidi kwamba alama hutegemea mizani ya mtahini, kwa hiyo ni wajibu kuitazama mizani hiyo kwa jicho kali kama lile tumtazamalo mtahiniwa.

Katika nchi za mbali waliitazama. Mwaka 1992 walimu watatu wa Marekani, David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer, walitoa jaribio la maswali mepesi juu ya kani na mwendo, yasiyo na hesabu hata moja: jiwe lililorushwa juu, lori lililogongana na gari dogo, mpira uliotoka katika bomba lililopinda. Wanafunzi wa vyuo vikuu walioweza kukokotoa milinganyo mirefu walianguka katika maswali ya jiwe. Eric Mazur, profesa wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake jaribio la namna hiyo akiamini watalicheka, na mwanafunzi mmoja akamwuliza ajibu vipi, kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Swali hilo ni dada wa lile ambalo kila mwalimu wa vitendo amelisikia katika maabara zetu: “Mwalimu, niandike iliyotoka au niandike ya kitabu?” Bahari kuu imewatenga watoto hao wawili, na shule zao hazilingani kwa lolote, lakini wote wawili wamekwisha kutambua kwamba kuna fizikia ya karatasini na kuna ulimwengu, na wanaomba ruhusa ya kuchagua.

Karatu haina upungufu wa maswali ya namna ya Hestenes. Kila asubuhi magari ya watalii huteremka kasoko ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto, gia ndogo, mguu ukigusa breki kwa tahadhari. Chukua gari la tani tatu pamoja na abiria wake, likishuka meta 500 kwa mwendo usioongezeka. Kazi iliyofanywa na mvutano ni karibu jouli milioni 14.7, na kwa kuwa gari halikuongeza kasi, nishati yote hiyo imekwenda mahali. Imekwenda wapi? Mwanafunzi atakayetaja breki, injini inayozuia na hewa iliyopashwa moto amejibu vema, na akipenda kuendelea atagundua kwamba joto hilo lingetosha kuyapeleka maji lita 47 kutoka nyuzi 20 hadi kwenye mchemko wa kule chini, nyuzi 94. Kisha aulizwe gari likipanda kwa njia ya Lerai jioni, nishati hulipwa na nani. Dereva yeyote wa Karatu aweza kumsaidia, naye atafurahi kuulizwa.

Iko pia dhiki ya lugha, ambayo siwezi kuipita kimya. Mtoto wa huku husikia nyumbani Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga au Kihadzabe, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na fizikia huja kwa Kiingereza pamoja na karatasi yake ya mtihani. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu ya nchi, ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari, serikali haikukubali. Na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, hata haiwezi kusemwa kwamba istilahi hazikuwapo. Hadi jambo hilo litakapoamuliwa, mtahini mwema aweza kupunguza dhuluma yake kwa kuuliza kwa mchoro, kwa jedwali na kwa kitu kilichowekwa mezani, na kupokea jibu lililochorwa.

Mfano mkubwa kuliko yote wa mtoto aliyesema alichokiona tunao nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi katika friji ilikuwa haba, naye kwa kuogopa kuikosa aliyatia maziwa yake yangali moto, yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amekosea. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa, mpaka Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule hiyo, akaulizwa mbele ya wote kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35. Osborne hakuwa na jibu, akaahidi kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha habari hiyo pamoja katika jarida la Physics Education, Mpemba akiwa wakati huo mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Wataalamu wangali wakibishana. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha uchunguzi ambao haukuiona athari hiyo, wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimeta moja tu huweza kugeuza matokeo. Sheria ya mwisho haijapatikana, na hilo halimpunguzii Mpemba taadhima, kwa kuwa stahili yake ilikuwa kujaribiwa. Aliyemtendea haki ni mtu mmoja aliyekwenda kutia maji katika friji. Na mwenye jicho ataona pia kwamba Iringa, kama Karatu, iko juu. Hayo maji ya nyuzi 100 ya swali lake, yangechemshwa pale pale shuleni, yasingepita 95.

Basi nikitakiwa kutunga swali moja la vitendo kwa ajili ya shule za wilaya hizi mbili, nitaliendea tuta la mchanga mweusi lililo karibu na Oldupai, jivu la volkano lililokusanyika katika umbo la mwezi mwandamo, lenye kimo cha meta tisa hivi, ambalo upepo wa mashariki hulisukuma magharibi takriban meta 17 kwa mwaka, na nguzo zimesimikwa kuonyesha lilipokuwa miaka iliyopita. Mtahiniwa apewe kikombe cha mchanga huo, sumaku iliyofungwa katika karatasi na mchoro wa nguzo wenye tarehe zake. Kwanza aseme sumaku imenyanyua nini, na kwa nini karatasi ilitangulizwa. Pili akokotoe mwendo wa wastani kwa siku. Atapata karibu sentimeta 5. Tatu aulizwe kama tuta lilisogea sentimeta 5 jana. Apewe alama zote yule atakayejibu kwamba haijulikani, kwa kuwa upepo hauvumi sawa kila siku na wastani hausemi habari ya siku moja; na aongezewe yule atakayeuliza kila nguzo iliwekwa kwenye ukingo upi wa tuta, wa mbele au wa nyuma, kwa sababu tuta lenyewe ni pana kuliko linavyohama kwa mwaka mzima.